Kondoo wa Bibi Chokaa

Nimepanga nyumba nyingi katika maisha yangu, na tabia za wenye nyumba nazijua kuliko za ndugu zangu. Wako wanaokusalimu mwisho wa mwezi tu. Wako wanaochungulia chungu chako kujua umepika nini. Lakini mwenye nyumba aliyenijia asubuhi ya kwanza, kabla sijafungua hata furushi la vyombo, akanitia ufagio mkononi na kuniambia, "Karibu, mwanangu, upande wako ni ule," ni mmoja tu. Huyo alikuwa Bi Zamda binti Shomari, wa Kaloleni, Arusha.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyefika huku akiwa mpagazi wakati wa Wajerumani, akachoka kubeba mizigo ya watu, akaomba kiwanja na kujenga nyumba ya miti na udongo, vyumba vitatu kila upande na ukumbi katikati. Zamda alizaliwa humo. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, na sababu ilikuwa ile ile: hakuzaa. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililokuwa likimuuma, ingawa sikumsikia akilalamika. Pale mtaani kila mwanamke alikuwa mama wa mtu. Mimi mwenyewe, Arafa, mtoto wa juzi kutoka Upare, mara nilipojifungua niliitwa Mama Mwanahalima na jina langu likasahaulika. Yeye, na mvi zake zote, alikuwa Bi Zamda mbele ya uso wake, na kwa nyuma Bibi Chokaa.

Hilo la chokaa alilipata kwa haki. Baada ya vita vya Hitla mji ulianza kunenepa, na wakubwa wakaanza kuutazama mtaa wetu kwa jicho la tamaa, maana ulikuwa karibu na soko. Ikasemwa kwamba nyumba za Kaloleni ni chafu, zinaleta maradhi, na kwamba mtaa utakaoonekana mchafu utabomolewa na wenyewe watapewa viwanja huko porini ambako fisi walikuwa bado wanajipitia. Wenye nyumba wa mtaa wetu wakashtuka, wakaunda chama. Kazi ya chama ilikuwa moja: kuhakikisha mtu yeyote atakayekuja kukagua hapati pa kuweka kidole.

Walioutaka uenyekiti walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Hatibu, fundi cherehani aliyekaa ng'ambo ya njia, uso kwa uso na nyumba yetu, na wa pili mwenye bucha wa pale kona. Hatibu akasema hawezi kuongozwa na mtu anayenuka damu. Mwenye bucha akasema hawezi kuongozwa na mtu anayeshona magauni. Kutwa nzima wakavutana, na mwisho kila mmoja, ili mwenzake asipate, akasema heri Bi Zamda. Walidhani wamepata mtu wa kukaa kitini huku wao wakitawala. Masikini wanaume wale.

Bi Zamda alianza kazi kesho yake alfajiri. Kila nyumba ipakwe chokaa kabla ya Maulidi. Mahindi yasipandwe karibu na ukuta, yanaficha mbu. Jivu lisimwagwe mferejini. Kuku sawa, lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo wasilale mtaani hata siku moja. Na kila nyumba ifagie mbele yake mpaka katikati ya njia. Hapo kwenye katikati ndipo yeye na Hatibu walipogombana miaka nenda rudi. Bi Zamda alisema Hatibu anafagia mpaka karibu na katikati. Hatibu alisema katikati ya Bi Zamda inatembea. Siku moja niliwakuta wameinama wote wawili, watu wazima, wanapima njia kwa hatua za miguu, na kila mmoja anasema mguu wa mwenzake mfupi.

Nilimchukia Bi Zamda mwaka wa kwanza, nisiseme uongo. Alikuwa mtu wa kukusimamia unapofua. Lakini mvua zilipovuja chumbani kwetu, alipanda darini mwenyewe na kipande cha debe, na nilipozaa alinikanda kwa maji ya moto kila asubuhi mpaka nikatoka arobaini. Alikuwa akitukana huku anatenda wema. Ukimsikia kwa masikio tu utamkimbia, ukimtazama mikono utabaki.

Meitamei alinunua nyumba ya mwisho ya mtaa wetu kutoka kwa mzee mmoja aliyerudi kwao Tabora. Alikuwa Mwarusha wa Sambasha, huko juu magharibi ya mlima, mtu mrefu, mpole, Mlutheri wa kusali kila Jumapili. Alitaka nyumba ya mjini ili mkewe Simaloi apate mahali pa kushukia na maziwa yake ya kuuza. Alikuwa Mwarusha wa kwanza kununua nyumba pale kwetu, na watu wakanong'ona. Tulikaa kwenye ardhi ya mababu zake tukimwita mgeni, ndivyo tulivyokuwa.

Hakuwa amemaliza kuhamia mvua ikapiga siku nzima, na maji ya mfereji yakaanza kula ukuta wake wa upande wa chini. Wengine tulikaa barazani tukisikitika. Bi Zamda alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaenda kuingia katika matope yale mpaka magotini.

"Wewe umenunua nyumba au umenunua mdomo?" alimfokea Meitamei. "Lete mawe! Usinitazame, lete mawe!"

Walifanya kazi pamoja mpaka maji yakageuzwa. Kesho yake akampelekea chokaa yake mwenyewe, akamwonyesha namna ya kuikoroga na chumvi kidogo ili isichubuke, na muda wote akimwambia kwamba hajaona mtu mzito kama yeye. Meitamei alikoroga kama alivyoonyeshwa. Alikuwa akimtazama tu, kama mtu anayefikiri jambo.

Miezi michache baadaye ndipo ilipotokea habari ya ndama. Simaloi alikuwa na ndama aliyefiwa na mama yake, wa kunyweshwa maziwa kwa mkono, na akamficha uani. Ndama hafichiki. Bi Zamda alikwenda pale na kamati nzima ya chama nyuma yake.

"Bwana Meitamei, sheria unaijua."

"Naijua, mama."

"Kesho nisimkute."

"Hutamkuta," alisema Meitamei, na kweli kesho yake ndama hakuwapo.

Siku ya tatu, asubuhi, watu wakiwa barazani, tukamwona Meitamei anashuka mtaani na kondoo jike kijana, mnene, mweupe mwenye kichwa cheusi, amemfunga kamba ya katani. Akasimama mbele ya nyumba yetu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mama," alisema, "mimi nimeleta kondoo yako."

"Kondoo wangu wa nini?"

"Yako tu. Nakupa. Kwa sababu ya ukuta."

Akamkabidhi kamba mkononi, akainama kidogo, akaenda zake. Kwa Meitamei mambo yote yalikuwa yamekwisha kusemwa. Kwetu sisi ndiyo kwanza yalianza.

Hatibu alivuka njia akiwa na uzi mdomoni. "Dada Zamda, hiyo ni rushwa. Juzi umemtoa ndama, leo kondoo. Wiki ijayo ndama anarudi, na wewe mdomo umejaa mafuta."

Nilimwona Bi Zamda anageuka rangi. Ukitaka kumuua mama yule, mwambie amehongwa. Alisimama na kamba mkononi, kondoo anamla pindo la kanga, na yeye anafikiri. Kumrudisha itakuwa kumwaibisha jirani mbele ya watu, na hilo hakulitaka. Kumweka hakuwezekani, sheria ni yake mwenyewe. Basi akapata wazo, na akaliona zuri sana.

"Nikimla peke yangu ni rushwa," alisema. "Tukimla mtaa mzima ni karamu. Mwiteni mwenye bucha."

Kondoo akachinjwa uani kabla ya adhuhuri. Bi Zamda aligawa mwenyewe, sahani kwa sahani, kila nyumba fungu lake sawa na la jirani, na hata Hatibu hakupata la kusema isipokuwa kwamba pilau lilihitaji bizari zaidi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akachukua mguu wa nyuma, ule mnono kuliko yote, akaupanga juu ya pilau katika sinia, akaufunika kwa kawa jipya la ukindu mwekundu na mweusi.

"Mpelekee Meitamei," aliniambia. "Mwambie kondoo wake ametulisha wote, na yeye fungu lake ni la kwanza kwa ubora. Asije akasema nilimla nyuma ya mgongo wake."

Nilikwenda nikitabasamu. Meitamei alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake. Nikamsalimu, nikaweka sinia mbele yake, nikasema maneno kama nilivyotumwa. Alifunua kawa, akautazama ule mguu. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akarudisha kawa taratibu kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Mwambie asante," alisema.

Jioni tulikuta sinia barazani petu, chakula hakijaguswa. Nyumba ya Meitamei ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Mwanzoni tulidhani amekwenda kulima. Mwezi ukapita, na mwingine. Masika yakaingia. Nyumba isiyo na mtu inaharibika haraka kuliko maziwa. Majani yakaota mpaka dirishani. Bati moja la pembeni likafunuka, maji yakaingia ukutani, na chokaa yote aliyoipaka kwa kuelekezwa na Bi Zamda ikamomonyoka na kuacha udongo mtupu. Na wakati huo huo ndipo karani wa mji alipokuja kutuambia kwamba Bwana Afya, Mzungu wa ukaguzi, atapita mvua zikikatika, na kwamba safari hii hatakagua nyumba moja moja. Ataukagua mtaa. Mtaa ukishindwa, umeshindwa wote.

Kamati ilikaa ukumbini kwetu, na mimi nilikuwa nikipeta mchele pale pale, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Tuvunje kufuli, tuitengeneze," alisema Hatibu. "Nyumba moja haiwezi kutuhamisha wote porini."

"Mlango wa mtu hauvunjwi na kamati," alijibu Bi Zamda. "Leo tukivunja wake kwa wema, kesho tutavunja wako kwa ubaya. Apelekewe habari."

Habari zikapelekwa kwa watu wanaopanda Sambasha. Meitamei akajibu kwamba amesikia. Zikapelekwa tena. Akajibu kwamba amesikia, na kwamba anamsalimu mama. Hakuja. Hapo Bi Zamda akaanza kukosa usingizi. Ile nyumba ya vyumba sita ndiyo iliyokuwa mtoto wake, mume wake na baba yake pamoja. Nilimwona asubuhi moja anapapasa ukuta wa ukumbi kwa kiganja, taratibu, na aliponiona akaniuliza kwa ukali kama sina kazi.

Mimi ndimi niliyemkuta Simaloi sokoni, ameketi na vibuyu vyake vya maziwa. Nikamwamkia vizuri, nikanunua, nikachuchumaa.

"Simaloi, dada yangu, tumemkosea nini mumeo? Kama ni ndama, sheria ni ya wote."

"Ndama?" alisema. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama namdhihaki. "Nani anasema ndama? Ndama ilikuwa kosa yetu, tuliondoa."

"Basi nini?"

Akaniambia. Kwa watu wa kwao, mtu akikupenda kwa dhati, akaona unastahili kuwa wake bila ya kuzaliwa naye, anakupa mnyama. Tangu siku hiyo majina yenu ya zamani yanawekwa kando. Kama ni kondoo, yeye anakuita Paker na wewe unamwita Paker, mpaka mmoja wenu azikwe. Yule mnyama anatunzwa, anazaa, na watoto wake wanazaa. Meitamei alikuwa hajawahi kumpa mtu wa nje ya ukoo. Alifikiri miezi yote ile tangu siku ya ukuta, akachagua kondoo jike mzuri kuliko wote wa zizi lake, akavaa koti la kanisani.

"Ile haikuwa nyama," alisema Simaloi. "Ilikuwa jina. Nyinyi mlikula jina yake, halafu mkamletea mguu."

Nilirudi nyumbani. Nilitaka kumficha, lakini Bi Zamda alinisoma usoni kabla sijatua kikapu. Nikamwambia yote. Alikaa chini sakafuni, mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa mchana. Hakulia. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Paker," alisema baadaye, kama anajaribu ladha yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Arafa, mimi nina umri gani huu, na mtu mmoja duniani ananiletea jina, na mimi nalipikia pilau."

Roho iliniuma. Nilizoea kumwona anafokea dunia. Sikujua kwamba alikuwa anangojea kitu.

Kulipopambazuka alikuwa amekwisha kuvaa. Tulipanda lori mpaka Ngaramtoni, mnadani, na huko akazunguka kati ya kondoo kama alivyokuwa akizunguka kati ya nyumba zetu, akiinua mikia, akifunua meno, akiwaambia wauzaji wa Kiarusha kwamba wanyama wao wachafu. Mwisho akampata jike kijana, mweupe mwenye kichwa cheusi. Kutoka pale tukapanda mlima kwa miguu. Kondoo yule alikuwa na kichwa kigumu kuliko Bi Zamda mwenyewe. Alilala njiani. Alikimbilia shamba la maharage. Alimvuta mwenyekiti wa Chama cha Wenye Nyumba mpaka katikati ya mfereji wa maji baridi ya Meru, buibui likalowa mpaka kiunoni, na mimi nikageuza uso nisionekane nacheka. Tulipofika kwenye migomba ya Meitamei tulikuwa na matope kuliko nyumba yake.

Alikuwa akipalilia kahawa. Alipotuona aliegemeza jembe, akangoja. Simaloi akatoka jikoni, akasimama mlangoni.

"Takwenya, mama," alisema Meitamei. Adabu haikumtoka.

Bi Zamda hakujua kuitikia salamu ile. "Sikujua," alisema. "Sisemi hivyo ili unisamehe. Nasema kwa sababu ni kweli. Nilidhani unaninunua, na mimi sinunuliki, basi nikaona nimefanya haki. Nimekuja na kosa langu, na kondoo."

Meitamei alimtazama yule kondoo, mguu kwa mguu.

"Huyu na mimi nichinje?" aliuliza. "Nikuletee mguu?"

Alisema kwa upole, na ndiyo maana ilikata zaidi. Bi Zamda aliikaza kamba mikononi. Pale mtaani angekwisha kujibu maneno kumi.

"Ukimchinja ni haki yako," alisema. "Na mguu nitaula."

Kuku walipita kati yetu. Nilimwona Simaloi anaweka mkono mdomoni, nikadhani ana hasira, kumbe anacheka: mama mtu mzima, mwenye cheo, amelowa, ameshika kamba kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa. Meitamei akamwona mkewe, na uso wake ukalegea. Akaja, akaichukua kamba, akamwongoza kondoo mpaka zizini kwake na kumwingiza kati ya wale wengine.

"Ni yako, lakini atakaa hapa," alisema. "Mjini kondoo ni marufuku. Sheria yako."

"Sheria yetu," alisema Bi Zamda. Hata siku ile!

Meitamei akacheka kwa sauti. Kisha akaacha kucheka, akamwambia, "Paker."

Bi Zamda akamtazama Simaloi, maana hakujua inajibiwaje. Simaloi akamwambia kwamba inajibiwa vile vile. Bi Zamda akafungua mdomo mara mbili. "Paker," alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila ya kujifunika.

Walishuka pamoja kesho yake. Ile nyumba ya mwisho ilifunguliwa na mwenyewe, kwa ufunguo wake, na mtaa mzima ukaingia kazini. Hatibu alipigilia bati. Mimi na wanawake wenzangu tulikanyaga udongo. Bi Zamda alipaka chokaa huku anamtukana Meitamei, na sasa kila tusi lilianza na Paker. Siku Bwana Afya alipopita na fimbo yake na karani wake, alikwenda mtaa mzima bila ya kusimama, akasimama mahali pamoja tu, mbele ya nyumba ya Bi Zamda. Kwa kuhangaikia nyumba ya mwenzake alikuwa hajapaka ya kwake mkono wa pili. Mzungu akasema kitu, karani akatafsiri: mtaa ni mzuri, lakini huyu mama ajifunze kwa majirani zake. Tulijizuia mpaka walipopinda kona. Hatibu alicheka mpaka akakaa chini.

Mtaa ulipona. Na tangu hapo Meitamei akawa na desturi yake. Akishuka kutoka Sambasha, hakungoja kufika. Alianza kuita tangu mwanzo wa mtaa.

"Paker! Umezaa!"

Bi Zamda alitoka mbio barazani. "Nimezaa nini?"

"Pacha! Majike!"

Na yule mwanamke aliyeachwa mara mbili kwa kutozaa alisimama mbele ya watu wote wa Kaloleni, kanga mdomoni, anacheka kama msichana. Watu wakampongeza. Mwaka baada ya mwaka alizaa, na kila akizaa alitugawia visheti. Kuwatunza kule mlimani alitunza Meitamei. Yeye alipanda kuwaona mara moja kwa mwaka, na alirudi akilalamika kwamba zizi halifagiwi vizuri.

Alifariki wakati siasa zilipoanza kupamba moto na vijana wakizungumza habari za kura na uhuru. Aliugua kifua wiki chache, akaondoka asubuhi, ufagio umeegemea mlango. Hatibu alichukua uenyekiti na hakuna aliyebishana, kwa sababu hakuna aliyeutaka baada yake.

Siku ya arobaini tulikuwa tumeketi kwenye majamvi mbele ya nyumba, kisomo kimekwisha, tunangoja chakula. Tukasikia sauti za kondoo. Wakatokea mwanzo wa mtaa, kundi zima, weupe wenye vichwa vyeusi, wameijaza njia ukuta kwa ukuta, wanasugua manyoya kwenye chokaa yetu mpya, wanaangusha mavi kila hatua. Nyuma yao alikuwa Meitamei, na koti lake la kanisani. Hakuita. Mara ya kwanza katika miaka yote ile aliingia mtaani bila ya kuita.

Watu wote tulimgeukia Hatibu. Sheria ilikuwa sheria, na mwenyekiti sasa ni yeye. Hatibu akasimama. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Ondoeni majamvi," alisema. "Wapisheni watoto wa Bi Zamda."

Meitamei aliwafikisha mpaka barazani. Akasema kwamba wote ni wa Paker, na madume wachinjwe wawalishe watu wake, na majike atarudi nao waendelee kuzaa kwa jina lake. Wakachinjwa wale aliowachagua mwenyewe. Nilipika, na wakati wa kupakua nilikwenda ndani nikalitafuta lile kawa la ukindu mwekundu na mweusi. Lilikuwapo, limening'inia nyuma ya mlango, limepauka. Nikaweka mguu wa nyuma juu ya pilau, nikaufunika, nikampelekea Meitamei pale alipokuwa ameketi, kwenye baraza ya Bi Zamda.

"Paker wako anakuletea fungu lako," nilimwambia.

Alifunua kawa, akatazama. Akanawa mikono, akala. Alikula taratibu, machozi yanamshuka mpaka ndevuni, wala hakuyafuta, na hakuacha kitu ila mfupa.

Jioni alipokwisha kuondoka na majike wake, Hatibu alitoka na ufagio. Tulimwambia aache, vijana watafagia. Hakutusikia. Alianzia mlangoni kwake, akafagia mavi yale mpaka katikati ya njia. Pale katikati akasimama kidogo. Kisha akaendelea kufagia mpaka kwenye baraza ya Bi Zamda.